Unguja hadi Pemba: kilomita 125 ni dakika ngapi?

Ukipangiwa fildi Pemba, swali la kwanza ni moja: ndege au boti? Mmoja atakwambia ndege ni dakika 20, mwingine 30, mwingine anaapa kwamba nusu siku inaisha. Wote wanaweza kuwa sahihi. Tupige hesabu.

Kwenye ramani, uwanja wa ndege wa Pemba uko kaskazini mwa uwanja wa Abeid Amani Karume kwa karibu digrii 0.96, na mashariki yake kwa digrii 0.59. Huku kwetu karibu na ikweta, digrii moja ni kama kilomita 111 kila upande. Hapo una kilomita 107 kaskazini na 65 mashariki. Mlete Pythagoras wa kidato cha pili: jibu ni kilomita 125 hivi.

Mimi ni mtu wa Murungu, Kibondo, kwa hiyo umbali huo nimeupima kwa nyumbani. Kasulu mjini hadi Kibondo mjini, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita hizo hizo. Ila hakuna basi linalopita kwenye mstari ulionyooka. Barabara inafuata ardhi, inapitia Makere, inapanda na kushuka, na basi linasimama kila palipo na abiria. Juu ya bahari ndege haina cha kukwepa.

Sasa muda. Ndege ndogo kama Cessna Caravan huenda kama kilomita 300 kwa saa ikishatulia angani. 125 kwa 300 ni dakika 25. Ongeza kupaa na kujipanga kutua, unapata nusu saa. Halafu kuna upepo. Ukielekea Pemba, kusi inakusukuma mgongoni, kaskazi inakupiga usoni. Upepo wa kilomita 30 kwa saa unazifanya zile dakika 25 ziwe 23 au 28. Wakati wa kurudi, mambo yanageuka.

Lakini siku yako haianzi ndege inapopaa. Uwanjani unatakiwa mapema, begi linapimwa, na ndege nyingi ndogo zinaruhusu kilo 15 tu. Ukitua uko jirani na Chake Chake, katikati ya kisiwa, wakati boti nyingi hufika Mkoani, kusini. Kama fildi yako iko Mkoani, wa ndege atapanda gari kurudi kusini huku wa boti keshafika. Kama iko Wete, wa boti ndiye mwenye safari ndefu.

Kwa hiyo kabla hujaitoa hela ya boom, hesabu kuanzia unapofunga mlango wa chumba hadi unapotua begi. Zile dakika 30 ni za rubani. Zako ni hizo zote.