Chuchumaa Tukuone: Utafiti na Tiba ya Mifupa Iliyovunjika

Mtu aliyezoea gwaride na doria hulisahau goti lake mpaka siku atakapogongwa na pikipiki au kupigwa risasi ya paja. Hapo ndipo anapojifunza kwamba kuunga kwa mfupa ni jambo moja, na kurejea kazini ni jambo jingine kabisa. Wako waliotoka hospitali mfupa ukiwa umeshikana barabara, lakini goti limekaza kama bawaba iliyoshika kutu, hata wasiweze kupanda lori wala kupiga goti kulenga shabaha.

Katika hospitali za nchi zetu, mfano wa Mulago hapa Kampala, paja lililovunjika kwa miaka mingi lilitibiwa kwa kuvutwa. Mgonjwa hulazwa chali, chuma chembamba hupitishwa katika mfupa chini ya goti, na kamba yenye mzigo huuvuta mguu usijipinde wala usifupike. Hukaa hivyo wiki 6 hata 12. Njia hii ni rahisi na imewaponya wengi. Ila mguu usiotumika hunyauka misuli, na kiungo kisichokunjwa hujenga makovu ndani yake. Daktari George Perkins wa London alifundisha kwamba mgonjwa akunje goti angali amefungiwa mzigo. Godoro hugawanywa, sehemu ya chini ikaondolewa, mguu ukapata nafasi ya kushuka na kupanda kila siku. Fundisho hilo lilienea Afrika Mashariki, kwani halikuhitaji mashine yoyote.

Hali kadhalika Profesa Ronald Huckstep, aliyefundisha Makerere hadi mwaka 1972, alijulikana kwa vyuma vya miguu na viatu vya mbao vilivyotengenezwa hapa hapa kwa gharama ndogo, kwa ajili ya waliopooza kwa polio.

Vita navyo vilileta somo lake. Mwaka 1939 Mjerumani Gerhard Küntscher alianza kuingiza msumari mrefu wa chuma ndani ya uwazi wa mfupa wa paja. Madaktari wa nchi alizopigana nazo Ujerumani walishangaa walipowapokea mateka waliorudi makwao wakiwa na misumari hiyo, nao wanatembea! Lakini msumari wa namna hiyo ulikuja kutegemea mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na mashine hiyo ni adimu. Mmarekani Lewis Zirkle, aliyewahi kuwa daktari wa jeshi huko Vietnam, alianzisha mwaka 1999 shirika la SIGN, linalotoa misumari inayofungwa kwa skrubu bila mashine hiyo. Mulago ni miongoni mwa hospitali zilizoitumia. Madaktari hutakiwa kupeleka taarifa na picha za wagonjwa wao, na kwa njia hiyo kila paja lililotibiwa huongeza elimu.

Shida ni kwamba mgonjwa akishapata nafuu haonekani tena, na eksirei hugharimu fedha. Basi kikatumika kipimo ambacho mwandishi huyu anakipenda kuliko vyote: mgonjwa aambiwe achuchumae, atabasamu, apigwe picha. Asiyepona hawezi kushuka mpaka chini, na akishuka hatabasamu. Watafiti walikichunguza kipimo hicho Dar es Salaam, na mwaka 2019 wakachapisha kwamba chaweza kusaidia kujua kama paja limeunga. Kwetu si mchezo. Chooni, shambani na handakini, kuchuchumaa ni maisha yenyewe.

Utafiti mwingine wa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2020, uliwachukua majeruhi 240 waliovunjika muundi na jeraha likawa wazi. Nusu walitiwa msumari wa ndani, nusu vyuma vya nje ya ngozi. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya maana katika maambukizo na kurudiwa upasuaji, ingawa msumari uliuweka mguu katika unyofu zaidi, na wiki za mwanzo mgonjwa alikuwa na nafuu kubwa kidogo. Kwa hiyo askari aliyefungwa vyuma vya nje asidhani ametupwa.

Wapo pia waliowafuatilia majeruhi wa Mulago nyumbani kwao. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kuwa waliovunjika mguu walipoteza sehemu kubwa ya kipato chao, na mzigo ukawaangukia jamaa zao. Mwenye mshahara wa serikali ana afadhali, lakini cheo chake nacho hutegemea miguu.

Mengi yamo mikononi mwa majeruhi na wenzake. Mguu ufungwe gango kabla ya kubebwa, nalo livuke kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika. Jeraha lililo wazi lifunikwe kwa kitambaa safi, na dawa ya kuua vijidudu ipatikane mapema, katika saa za kwanza; kumpitisha kwanza kwa mwunga mifupa ni kuzipoteza saa hizo. Sigara huchelewesha mfupa kuunga, jambo ambalo wavutaji wa kambini hawapendi kulisikia. Naye aliyelala kitandani amwulize mtaalamu wa viungo lini aanze kukaza msuli wa paja na kuchezesha kifundo cha mguu, kwani aghalabu jibu ni: leo.