Mwendo wa Motokaa za Serikali

Mtu akisimama kando ya barabara huko Terrat, katika jiji la Arusha, huona motokaa za kila namna zikipita, na miongoni mwake zimo za Serikali. Hizo hutambulikana kwa vibao vyake: herufi ST huanza vibao vya Serikali kuu, na SM vya serikali za mitaa. Watu wengi hudhani kwamba herufi hizo ni ruhusa ya kwenda mbio. Sivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yamhusu dereva wa Serikali sawasawa na dereva wa lori la ndizi. Mahali penye makazi ya watu mwisho wa mwendo ni kilometa 50 kwa saa. Walio katika kazi ya dharura, kama vile wachukuao wagonjwa na wazimao moto, wamepewa nafuu; anayewahi mkutano hakupewa.

Sababu ya mpaka huo ni hesabu, wala si ukali. Motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa hupita meta 14 kwa sekunde moja, na sekunde hiyo hupotea kabla dereva aliyeona ng'ombe hajakanyaga breki. Akienda kilometa 100, amekwisha pita meta 28. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya kusimamia baada ya breki kukanyagwa huzidi mara nne. Na juu ya changarawe au matope huwa kubwa zaidi. Walimu waweza kuwapimia watoto meta hizo uwanjani, wazione kwa macho.

Watu wa Arusha wayajua majonzi ya barabara. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mzaliwa wa Monduli, alifariki Dakawa, Morogoro, motokaa yake ilipogongana na nyingine, akisafiri kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Tarehe 4 Agosti 2018 motokaa ya Waziri wa Maliasili na Utalii ilipata ajali Magugu, mkoani Manyara, katika safari ya kutoka Arusha. Waziri aliumia, na afisa habari wa wizara yake akafa. Cheo hakimkingi mtu na ajali.

Basi, yapasa kufanya nini? Mara nyingi mwendo hauamuliwi na ashikaye usukani, bali na aketiye nyuma asemaye, "Kaza, tumechelewa." Dereva huogopa kukataa, maana huyo ni mkubwa wake. Kwa hiyo afisa na aondoke mapema; akichelewa, apige simu kuwaarifu wanaomngoja. Wote wafunge mikanda, hata walio nyuma. Dereva akague breki, magurudumu na taa kabla ya kuondoka, na akiona ubovu asilazimishwe kusafiri. Aliyeshinda kazini mchana kutwa asiendeshe usiku.

Nasi wa vijijini tunayo sehemu yetu. Mifugo isivushwe barabara na mtoto peke yake. Na motokaa ya Serikali ikipita kwa fujo, andikeni namba yake, mahali na saa, mkawaarifu polisi au mkuu wa ofisi yake. Hilo si utovu wa adabu, kwani motokaa hiyo imenunuliwa kwa kodi zetu. Mkutano uliochelewa robo saa bado utafanyika, lakini mtoto aliyegongwa harudi.