Makazi Baada ya Talaka: Kupanga, Kununua au Kujenga

Ndoa inapovunjika, swali la makazi hujitokeza kabla shauri halijafika mahakamani, kwa sababu mmoja wa wanandoa, na mara nyingi ni mke, huondoka nyumbani akiwa na nguo zake na pengine watoto, huku haki yake katika nyumba aliyoiacha ikiwa haijaamuliwa na chombo chochote. Katika miji ya Tanzania, Dar es Salaam ikiwa mfano wa wazi zaidi, uamuzi wa kupanga au kununua hufanywa katika hali hiyo ya haraka, na ndugu wanaotoa ushauri huwa wengi wao wanaamini kwamba kupanga ni kurudi nyuma na kwamba kodi ya pango ni fedha iliyotupwa. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini una kasoro mbili kubwa: haujali sheria inasema nini kuhusu mali hadi siku ndoa itakapovunjwa rasmi, na haujali hesabu ya mkopo wa nyumba ilivyo nchini.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba kutengana si talaka. Watu wawili wanaweza kuishi mbali kwa miaka mitano, kila mmoja akijitegemea kwa chakula na malazi, na bado wakahesabika kuwa mume na mke mbele ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa kawaida mgogoro hupelekwa kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, ambayo huambatanishwa na maombi ya talaka yanayofunguliwa mahakamani. Mahakama ikishavunja ndoa ndipo inapotumia kifungu cha 114 cha sheria hiyo, kinachoipa mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja, au kuamuru iuzwe na fedha zigawanywe. Katika mgawanyo huo hutazamwa mila za jamii wanayotoka wahusika, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo.

Hati yenye jina la mume peke yake haimalizi mjadala. Kifungu cha 60 kinasema kwamba mali iliyo katika jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Iliyo katika majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa ya nusu kwa nusu hadi ithibitishwe vinginevyo. Kuhusu kinachohesabika kuwa mchango, msingi uliwekwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliposema kwamba kazi za nyumbani za mke, yaani kupika, kulea na kutunza familia, ni sehemu ya juhudi za pamoja. Wanaolitaja shauri hilo mara nyingi husahau kwamba mama huyo mwenyewe alishindwa rufaa yake, kwa kuwa mahakama iliona alikuwa amekwisha kutumia ovyo fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya shughuli ya familia. Kanuni ilimnufaisha kila aliyekuja baada yake kuliko yeye, na funzo lake la pili ni kwamba mahakama haigawi kwa mazoea. Hupima ushahidi wa kila upande.

Kutokana na hayo, anayenunua kiwanja au nyumba akiwa ametengana tu na mwenzake hujiweka mahali pagumu. Mali hiyo imepatikana wakati ndoa ingali hai kisheria, na hata kama fedha zote zilitoka katika mshahara wake, itambidi aeleze mahakamani kwa nini isiingizwe katika orodha ya mali za kugawanywa. Anaweza kushinda hoja hiyo, lakini kwa nyaraka za benki na risiti, si kwa maneno. Akitaka mkopo, sheria za ardhi humtaka mkopeshaji achunguze kama mwombaji ana mume au mke, na rehani ya nyumba ya ndoa si halali bila ridhaa ya mwenzi huyo. Hata baada ya hukumu kusomwa, rufaa kwenda Mahakama Kuu inaweza kukatwa ndani ya siku 45, kwa hiyo aliyeahidiwa sehemu ya nyumba na akakimbilia kulipa malipo ya awali ya nyumba nyingine wiki inayofuata ameweka rehani fedha ambazo bado hajazishika.

Waislamu wanakabiliwa na mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Talaka aliyotamka mume ina nguvu yake katika dini, na mahakama huitambua baraza likishathibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, lakini mgawanyo wa mali chini ya Sheria ya Ndoa hauji wenyewe pamoja na tamko hilo, lazima uombwe. Jambo la pili ni eda, yaani muda ambao mke aliyeachwa husubiri kabla ya kuolewa tena, ambapo katika talaka rejea, yaani ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mkewe, hutakiwa abaki katika nyumba ya ndoa akitunzwa na mume. Kwa macho ya anayefikiria makazi, hekima ya eda ni kwamba hakuna anayetupwa nje siku ileile. Wanawake wengi wa pwani huondoka siku ya kwanza kwa hasira au kwa aibu, na kwa kufanya hivyo huacha nafasi ambayo dini yao imewapa.

Walioishi pamoja bila ndoa wasidhani hayo hayawahusu. Kifungu cha 160 kinaweka dhana kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mke na mume, wameoana, na hata dhana hiyo ikipingwa, mahakama inaweza kutoa amri za matunzo na za mali kama ambavyo ingefanya kwa wanandoa.

Kabla ya kutafuta nyumba mpya, basi, inafaa kuitazama ile iliyopo. Njia iliyo safi zaidi ni kuiuza na kugawana, ingawa soko la nyumba zinazouzwa kwa ugomvi huwa baya, kwa maana wanunuzi hunusa haraka ya wauzaji. Njia nyingine ni kufidiana: mthamini aliyesajiliwa hupima thamani ya nyumba, mmoja akabaki nayo na kumlipa mwenzake sehemu yake. Hapo hutokea kosa ambalo hurudiwa sana, la anayebaki kutumia akiba yote kulipa fidia, kisha akajikuta na jengo kubwa lisilolipika matengenezo wala ada za shule. Kama nyumba ina mkopo uliosainiwa na wote wawili, makubaliano yao au hata amri ya mahakama haiifungi benki, ambayo itaendelea kuwadai wote hadi mkopo uandikwe upya kwa jina la mmoja.

Hali ngumu kupita zote ni ya nyumba iliyojengwa katika kiwanja cha wakwe. Kijana hupewa eneo na baba yake, yeye na mkewe wakapandisha jengo kwa miaka kumi, na ndoa ikivunjika huonekana kwamba ardhi haikuwa yao hata siku moja. Anayeondoka hubaki kudai thamani ya mchango wake katika jengo, dai linalohitaji risiti za saruji, mabati na mafundi, vitu ambavyo watu wanaopendana hawavitunzi. Zipo pia familia zinazoona suluhisho ni kuandika nyumba kwa jina la watoto. Hatua hiyo huleta amani ya haraka, lakini mali ya mtoto haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mzazi kama apendavyo, hivyo mzazi asiihesabu tena miongoni mwa vyanzo vya makazi yake ya uzeeni.

Sheria inamlinda pia asiyeondoka. Kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo, na mwenye wasiwasi anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Mnunuzi aliyejua hali hiyo akanunua anaweza kulazimika kumvumilia mwenzi aliyebaki ndani ya nyumba hadi ndoa ivunjwe au mahakama iamue vingine. Aliyetoka katika ndoa yake na kuvutiwa na nyumba ya bei nafuu aulize kwanza kama unafuu huo haukutokana na ndoa ya mtu mwingine inayovunjika.

Baada ya sheria hufuata hesabu. Ichukuliwe, kwa mfano tu, nyumba ya vyumba viwili inayopangishwa kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, ambayo ikiuzwa ingegharimu shilingi milioni 80. Pango la mwaka ni milioni 3.6, kwa hiyo bei yake inalingana na pango la miaka 22. Mnunuzi mwenye asilimia 20 ya bei, yaani milioni 16, atakopa milioni 64. Riba za mikopo ya nyumba nchini kwa miaka mingi zimezunguka kati ya asilimia 15 na 19. Kwa riba ya chini kabisa ya hizo, kwa miaka 15, marejesho ni takriban shilingi 896,000 kila mwezi. Katika rejesho la kwanza, 800,000 ni riba, na deni lenyewe hupungua kwa shilingi 96,000 tu. Mpaka mwisho mkopaji atakuwa ameilipa benki milioni 161 hivi. Anayesema pango ni fedha iliyotupwa anapaswa kueleza riba hiyo ya 800,000 imeokotwa na nani, kwa kuwa ni zaidi ya mara mbili ya pango la nyumba ileile. Ni kweli kwamba pango hupanda na rejesho hupungua thamani kadiri bei za vitu zinavyopanda, na kwamba nyumba yenyewe yaweza kupanda bei. Lakini faida hizo huja baadaye, ilhali aliyeachana na mwenzake ana kipato kimoja leo.

Kwa sababu ya riba hizo, Mtanzania wa kawaida hanunui nyumba. Hununua kiwanja na kujenga kidogo kidogo kwa fedha taslimu. Kuanzishwa kwa taasisi ya kuzipa benki mitaji ya mikopo ya nyumba mwaka 2010, TMRC, kumeongeza idadi ya wakopeshaji, lakini hakujabadili desturi hiyo. Swali halisi la baada ya talaka kwa hiyo ni kama mtu apange huku akijenga, na kwa mwendo gani. Kupanga karibu na kazi na shule huku kiwanja cha pembezoni, kama Chanika au Kibaha, kikiwekewa msingi mwaka huu na kuta mwaka ujao ni mpango usiovutia kuusimulia, lakini hauna riba na unaweza kusimamishwa mwezi wowote fedha zikikosekana. Hatari yake ni kuhamia katika pagale, yaani nyumba iliyopauliwa bila milango wala maji, kwa lengo la kukwepa pango, kisha fedha ya kumalizia ikaishia katika nauli za kila siku kwenda mjini.

Kupanga nako kunahitaji umakini, kwa sababu Sheria ya Udhibiti wa Pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005 na tangu hapo mpangaji hutegemea zaidi mkataba wake. Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, gharama zinazomwangukia aliyeondoka ndani ya wiki moja, akiwa bado hana godoro. Mkataba wa maandishi ueleze muda wa taarifa ya kuhama, nani anatengeneza kinachoharibika, na kodi ya majengo inayokatwa kwenye umeme wa LUKU tangu mwaka 2021 italipwa na nani, maana aliye na wajibu ni mwenye jengo ilhali anayenunua umeme ni mpangaji.

Watoto hubadilisha hesabu yote. Sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama yake, dhana inayoweza kupingwa, na mzazi anayekaa na watoto hufungwa na shule kuliko na kazi. Kwa mzazi huyo, mkataba wa mwaka mmoja karibu na shule una thamani kuliko hati ya kiwanja kilicho kilomita 40, angalau hadi mtoto amalize darasa la saba.

Nchini Kenya, ambako Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inatambua kazi za nyumbani na ulezi kuwa mchango, Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa ulio katika Katiba hauna maana ya kugawa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja lazima athibitishe alichochangia. Mkenya anayepanga kununua kwa kutegemea nusu yake ya nyumba ya ndoa anapanga kwa fedha isiyojulikana, sawa na jirani yake wa Tanzania.

Wapo ambao kununua mapema kunawafaa: aliyepokea mgao wake kwa fedha taslimu baada ya muda wa rufaa kwisha, mwenye kipato kisichoyumba, na anayejua atakaa mji huo miaka kumi ijayo. Huyo aanzie ofisi ya ardhi, aombe utafutaji rasmi unaoonyesha kiwanja ni cha nani na kina zuio au rehani gani, kabla ya kuandikiana na muuzaji mbele ya serikali ya mtaa. Muhuri wa mtaa unathibitisha kwamba watu wawili walikutana na kukubaliana bei. Hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa na cha kuuza, wala kwamba mkewe alijua.