Kiti cha ngozi cha baiskeli: raha yake ni kukijua, si kukivumilia



Mwezi uliopita alinijia mpwa wangu, kijana anayesambaza mikate kwa baiskeli alfajiri katika mitaa ya Kisauni. Amenunua baiskeli ya mtumba iliyotoka Ulaya, baiskeli nzuri, yenye kiti cha ngozi. Alipofika barazani hakukaa kama watu wanavyokaa. Aliegemea upande mmoja kama mtoto aliyetoka kudungwa sindano.

"Mjomba," akaniambia, "hiki kiti chanitesa. Nataka kukitoa nitie cha sponji."

Nikamwuliza kinamwuma wapi. Akatazama chini. Nikamwuliza tena, kwa sauti ya chini, kama anapata ganzi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Umejuaje?"

Nimejua kwa sababu yalinipata mimi mwenyewe nikiwa na umri kama wake. Nilikuwa Mtito Andei. Kila aliyesafiri kwa basi kutoka Mombasa kwenda Nairobi anapajua: ni kama nusu ya safari, abiria hushuka kunyoosha miguu, kula, na sisi wengine kutafuta mahali pa kuswali. Jina lenyewe ni la Kikamba, maana yake msitu wa tai. Upande mmoja wa mji kuna lango la mbuga ya Tsavo Magharibi, na ukitoka barabarani unakutana na vumbi jekundu, mibuyu na miiba.

Nilikuwa nimemaliza diploma na kupata kazi ya ukarani wa stoo pale mjini. Chumba changu kilikuwa kilomita nne ndani. Mzee mmoja aliyestaafu kazi za reli aliniuzia baiskeli yake nyeusi, ile kubwa ya chuma ambayo Kenya nzima huiita Black Mamba. Kiti chake kilikuwa cha ngozi, kimekolea rangi na kung'aa kwa kukaliwa. Nikaona nimepata. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na mimi nilipata kinyemi na kidonda vyote viwili. Wiki ya pili ngozi ya mapaja ilikuwa imechubuka. Wiki ya tatu ikaja ganzi. Nikishuka kwenye baiskeli, sehemu ambayo mtu haitaji mbele ya watu ilikuwa haina habari kwa dakika kadhaa.

Wakati huo nilikuwa nimeposa. Harusi ilikuwa baada ya miezi mitano. Msomaji mwanamume anaelewa nililala vipi usiku. Sikumwambia mtu. Kaka yangu akipiga simu, namwambia kazi nzuri, joto tu. Nikaenda kazini kwa miguu siku mbili, siku ya tatu nikachoka, nikapanda tena.

Aliyenitoa katika shida hiyo ni fundi baiskeli mmoja, mzee wa Kikamba, aliyekuwa na kazi yake chini ya mti karibu na soko. Wateja wake wengi walikuwa wachuuzi wa maji, vijana wanaofunga mitungi minne ya lita 20 kwenye karia na kusukuma mlimani. Nilimpelekea pancha. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi ninavyosimama, akapitisha kiganja juu ya kiti. "Kijana," akasema, "hapa amekaa mtu mwingine miaka ishirini. Wewe unakaa ndani ya makalio yake." Kisha, bila kuona haya, akaniuliza kuhusu ganzi. Nilitaka ardhi inimeze. Lakini nilijibu, na saa moja baadaye nilikuwa nimejifunza mambo ambayo nayaandika hapa, pamoja na mengine niliyojifunza baadaye.

Kwanza tukielewe kiti chenyewe. Kiti cha ngozi cha asili hakina sponji ndani. Ni kipande kimoja cha ngozi nene, kama milimita 5, kilichowambwa juu ya fremu ya chuma. Mbele kimeshikwa kwenye pua, nyuma kimeshikwa kwenye upinde wa chuma kwa ribiti, na katikati hakuna kitu chini yake isipokuwa hewa. Waliolala kitanda cha kamba wameshaelewa. Kitanda kile hakikuwa laini kwa sababu ya godoro. Kilikuwa laini kwa sababu kamba zimewambwa zikabeba mwili, na zikilegea mtu huamka na mgongo unaouma mpaka zikazwe tena.

Aina hii ya kiti ina historia ndefu. Kampuni inayojulikana zaidi ni Brooks ya Birmingham, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1866 na John Boultbee Brooks kama biashara ya vifaa vya ngozi vya farasi. Mwaka 1882 alisajili hataza ya kiti cha baiskeli. Kampuni hiyo tangu 2002 iko mikononi mwa Waitaliano, lakini viti vya ngozi bado vinatengenezwa karibu na Birmingham. Baiskeli nyingi za zamani zilizofika Afrika Mashariki, zikiwemo za Raleigh kutoka Nottingham, zilikuja na viti vya namna hiyo.

Sasa, kwa nini kiti kigumu kiwe na raha kuliko cha sponji? Kaa juu ya ukingo wa baraza, tia viganja chini ya makalio, utahisi mifupa miwili. Hiyo ndiyo iliyoumbwa kubeba uzito wa aliyeketi. Baina ya mifupa hiyo kuna nyama laini, na ndani yake mishipa ya damu na ya fahamu inayokwenda sehemu za siri. Kwenye sponji nene mifupa huzama, na sponji ya katikati huinuka na kubana pale pasipotakiwa kubanwa. Dakika kumi za mwanzo ni raha. Baada ya saa moja ndipo utajua. Kiti cha ngozi hufanya kinyume: siku za mwanzo ni kama ubao, lakini polepole mifupa miwili huchimba vishimo viwili vyake, na uzito hukaa hapo. Ni kama makubadhi mapya, hubana na kuchubua mpaka yajue mguu wako. Na kama makubadhi, yakishajua mguu wa mtu, mwingine akiyavaa huumia.

Hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza. Anayenunua kiti cha ngozi kilichotumika atazame kwanza umbo lake. Kikiwa kimezama katikati kama chungu, pembeni kimepanuka kama masikio ya tembo, huyo mwenyewe wa kwanza bado yumo.

Fundi wangu hakukitupa. Alitoboa matundu madogo kwenye ncha za chini za ngozi, upande huu na ule, akapitisha kamba nyembamba chini ya kiti na kuzivuta pande mbili zikaribiane, kama mtu afungavyo viatu. Kiti kikarudi wembamba, mapaja yakaacha kusuguliwa. Kisha akatafuta nati iliyo chini ya pua, akaizungusha robo mzunguko tu. Nati hiyo ndiyo ya kuwambia. Watu wengi huikaza kwa nguvu wakidhani wanakitengeneza kiti, na ngozi huchanika kwenye ribiti. Kiti kipya kisiguswe nati kabisa. Cha zamani kikilegea, robo mzunguko, halafu kipande kwa siku kadhaa kabla ya kuongeza.

Baada ya hapo akashughulikia namna ninavyokaa, na hapa ndipo ganzi ilipopatiwa dawa. Jambo la kwanza ni urefu. Egemeza baiskeli ukutani, panda, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo, na hicho ndicho kipimo. Changu kilikuwa juu mno, maana mzee wa reli alikuwa mrefu. Kila nikikanyaga, nyonga zilikuwa zikiyumba huku na huku, nikijisugua mwenyewe.

Jambo la pili ni pua ya kiti. Ikielekea juu sana, inabana pale penye mishipa, na ganzi haikosi. Ikielekea chini, unateleza mbele, mikono inabeba mwili, mabega yanauma, na bado unaishia kukalia pua. Kiti cha ngozi hutaka kulala sawa, au pua iinuke kidogo sana, kwa sababu katikati yake hubonyea ukikaa. Badilisha kidogo, panda siku mbili, ndipo ubadilishe tena.

Jambo la tatu ni upana. Anayekaa wima, kama tunavyokaa kwenye baiskeli hizi nyeusi, uzito wake wote uko nyuma, na kiti kipana chenye springi kinamfaa. Anayeinama mbele kama wa mashindano anahitaji chembamba. Dada zetu, ambao kwa kawaida mifupa yao hiyo imeachana zaidi, wanahitaji kipana chenye pua fupi. Mwanamke anayeambiwa "utazoea" juu ya kiti cha mumewe hatendewi haki.

La nne ni kuinuka. Kila baada ya dakika kumi hivi, simama juu ya pedali kwa muda mfupi ili damu ipite.

Na subira ina mahali pake. Wazoefu huhesabu kilomita 500 hadi 1,000 kabla kiti kipya cha ngozi nene hakijalainika vizuri. Anza na safari fupi. Lakini tutofautishe. Maumivu ya mifupa miwili siku za mwanzo ni ya kawaida, kama ya kiatu kipya. Ganzi si ya kuzoea. Hiyo ni mishipa inayolalamika, na jibu lake ni kurekebisha kiti siku hiyohiyo. Ikiwa umerekebisha na ganzi inarudi, au inabaki hata ukishuka, au kuna tatizo la mkojo au la ndani ya nyumba, acha kupanda na uende hospitali.

Tukija kwenye utunzaji, kuna methali yetu isemayo "Ngozi ivute ili maji." Ni kweli kwa ngozi mbichi, na hata kiwandani ngozi ya kiti hulowekwa na kuvutwa juu ya kalibu, kisha ikakaushwa. Lakini ikishakauka na umbo lake, methali inageuka. Kiti kikilowa mvua usikikalie, kitavutika vibaya na hakitarudi. Kiache kikauke kivulini, si juani wala karibu na jiko. Zamani tulikifunika kwa mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo kata kipande cha turubai ukifiche chini ya kiti.

Mtito Andei adui alikuwa jua, lililokausha ngozi mpaka ikaanza nyufa. Fundi alipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na shahamu, kidogo tu, upande wa juu na wa chini, akaiacha usiku kucha, asubuhi akaifuta. Huku kwetu pwani adui ni unyevu na chumvi: ngozi huota ukungu, ribiti na springi hushika kutu. Futa kwa kitambaa kikavu, weka baiskeli mahali penye hewa, paka mafuta ya ngozi mara chache kwa mwaka. Usitumie oili ya injini, wala usikiogeshe kiti mafuta ya nazi. Ngozi itakuwa kama kitambaa. Na kiti kipya hutoa rangi, kwa hiyo mwenye kanzu nyeupe ya Ijumaa atandike kitu kwanza.

Wengine huuliza ni ngozi ya nini. Kwa kawaida ni ya ng'ombe, lakini baadhi ya viti vya zamani vya mashindano vilikuwa vya nguruwe, kwa hiyo muulize muuzaji. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ngozi ikitiwa dabagha hutwaharika, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Mwenye shaka awaulize masheikh.

Siku chache baada ya kupita kwa yule fundi, ganzi ilikwisha. Kiti kilichukua kama miezi miwili kunijua. Harusi ilifanyika, alhamdulillahi, na leo nina watoto wanne. Lakini zile wiki za kulala macho sijazisahau. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wala hawakufumba. Wapo vijana wengi wanaobeba maji, mikate na makaa juu ya viti vilivyokaa kombo, wakidhani wameishiwa nguvu za kiume, wakipeleka pesa kwa wauza dawa za mitaani, na kumbe tatizo lao linataka spana namba 13 na mtu mzima wa kuwauliza.

Mpwa wangu tulitoka naye nje na spana. Kiti kilikuwa juu kwa vidole vitatu, na pua imeinuka kama jahazi. Tukakishusha, tukakilaza, nikamwambia arudi baada ya siku tatu bila haya. Alirudi, tukagusa kidogo tena.

Jana alfajiri nilikuwa natoka msikitini nikamwona akipita na mikate yake, amekaa sawasawa. Hakusimama. Alipiga kengele tu.