Maana na Matumizi ya Neno la Kiingereza "Genocide" na Visawe Vyake katika Kiswahili

Neno la Kiingereza "genocide" liliundwa na Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Polandi, na kuchapishwa mwaka 1944 katika kitabu chake kuhusu utawala wa mataifa ya Mhimili barani Ulaya. Aliunganisha neno la Kigiriki "genos", lenye maana ya asili au kabila, na kiambishi "-cide" chenye asili ya Kilatini, kinachodokeza kuua. Kabla ya hapo, uovu huo ulitajwa kwa maneno ya jumla tu.

Maana ya kisheria ya neno hilo imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa tarehe 9 Desemba 1948. Kwa mujibu wa Ibara ya 2, kosa hutendeka pale panapokuwa na nia ya kuangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, kikabila, kimbari au kidini. Vitendo vinavyotajwa ni vitano: kuua wanakundi, kuwadhuru vibaya kimwili au kiakili, kuliwekea kundi mazingira ya maisha yanayokusudiwa kuliangamiza, kuzuia uzazi, na kuwahamishia watoto wa kundi hilo kwa nguvu katika kundi jingine. Kwa hiyo, kinachobainisha kosa hili ni nia, wala si wingi wa waliokufa.

Kiswahili kina visawe viwili vinavyotumika sana. Cha kwanza, "mauaji ya halaiki", kinasisitiza idadi. Halaiki ni umati wa watu. Ndiyo maana nchini Tanzania neno hilohilo hutumika kwa vijana wanaoonesha maumbo na mazoezi kwenye sherehe za kitaifa. Kisawe hiki hakielezi kwa nini watu waliuawa. Cha pili, "mauaji ya kimbari", kinatokana na mbari, yaani ukoo au watu wa asili moja. Hiki kinaonesha kwamba waathiriwa walilengwa kwa sababu ya asili yao, ingawa kwa umbo lake hakiligusi kundi la kidini.

Hata hivyo, visawe vyote viwili vina upungufu mmoja: vinaanza na neno "mauaji", ilhali kuua ni kitendo kimoja tu kati ya vitano. Athari yake ilidhihirika Arusha, yalikokuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1994. Tarehe 2 Septemba 1998, mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na kuamua kwamba ubakaji nao unaweza kuwa tendo la kosa hili ukifanywa kwa nia ya kuangamiza kundi. Msomaji wa Kiswahili anayeongozwa na neno "mauaji" peke yake hawezi kuiona hoja hiyo, na mateso ya manusura hubaki nje ya jina la kosa walilotendewa.

Neno "maangamizi" lingeikaribia zaidi fasili ya mwaka 1948. Lakini kwa kuwa "mauaji ya kimbari" limekwisha kukita mizizi, hasa katika kueleza yaliyowapata Watutsi mwaka 1994, inafaa liendelee kutumika likiambatana na fasili yake, na "mauaji ya halaiki" libaki kwa mauaji ya watu wengi ambayo nia hiyo haijathibitishwa.