Mchezo na Malezi ya Kijana



Jioni ukipita hapa Mwandiga, jua likielekea ziwani, utawakuta watoto wakicheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na kamba, mawe mawili ndiyo goli. Tangu timu ya Mashujaa ya Kigoma ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2023, hamu ya kuwa mchezaji imezidi. Wazazi hutuuliza: je, mchezo unamjenga mtoto au unamharibu? Sisi wauguzi tunaofunga bandeji magoti yao tumeyaona yote mawili.

Aliletwa kwetu kijana wa miaka 14, kifundo cha mguu kimevimba kama embe. Alikuwa ameteguka mazoezini siku 4 kabla, akaficha ili asipoteze namba. Aliposhindwa kuvaa kiatu, nyumbani walimkanda kwa maji ya moto na kumchua kwa mawese, uvimbe ukaongezeka. Tulimwuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba anayelalamika huitwa mwoga mbele ya wenzake.

Basi mchezo ulikuwa umemfundisha kitu: kuudanganya mwili wake na watu wake. Tabia hiyo haibaki uwanjani. Tunawafahamu watu wazima wanaokohoa mwezi mzima bila kufika zahanati, kwa kuogopa watu watasema nini.

Msichana mmoja, nahodha wa timu ya mpira wa pete, aligongwa kichwa akaona kizunguzungu. Aliomba mwenyewe atolewe, akakaa pembeni akiwashangilia wenzake hadi mwisho. Walifungwa. Mama yake alimpokea kwa uji, wala hakuuliza mabao. Huyo naye amejifunza kitu, na si mpira pekee uliomfundisha.

Kumtii refa hata alipokosea, kukaa benchi bila kununa, kumpa pasi mwenzako ambaye humpendi: haya yote yamo mchezoni, lakini mtoto huyashika akiona wakubwa wanayaheshimu. Baba anayemtukana refa kutoka pembeni ya uwanja naye anafundisha, tena anasikika kuliko mwalimu.

Vijana hupenda kututajia habari za John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka katika mbio za marathoni za Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, akaumia goti, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Tunamheshimu sana. Ila tunawakumbusha kwamba Akhwari alikuwa mtu mzima, alikubali kuhudumiwa, na alimaliza mguu ukiwa na bandeji iliyoonekana na wote. Hakuficha jeraha lake.

Mtoto akiteguka, apumzishe mguu, aukandamize kwa kitambaa cha maji baridi, aufunge bandeji isiyobana sana na kuuinua juu ya mto. Maji ya moto na kuchua viache katika siku 2 za mwanzo. Asipoweza kupiga hatua 4, aletwe apigwe picha, huenda mfupa umevunjika. Aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema amepona. Akitapika, akisinzia kupita kawaida au akisahau mambo, mleteni hospitali bila kungoja asubuhi. Kidonda cha mchanga kioshwe kwa maji safi na sabuni, na mwulize mwuguzi kama chanjo ya pepopunda imekamilika.

Yule wa kifundo tulimpumzisha wiki 3, maana mfupa ulikuwa mzima. Mguu ulipopata nguvu kidogo, alikwenda uwanjani kila jioni kuwatunzia wenzake maji na nguo. Namba yake ilikuwa imechukuliwa na mwingine, na aliporudi ilimbidi aanzie benchi. Baba yake alitaka kwenda kumgombeza mwalimu wa michezo. Tulimsihi akae nyumbani, mtoto aitafute namba yake mwenyewe.