Kuhifadhi Muktadha wa Kazi Baina ya Wasaidizi wa Akili Bandia

Neno muktadha si geni kwetu wanaisimu, ila siku hizi limepata kazi nyingine. Msaidizi wa akili bandia atungaye programu za kompyuta huielewa kazi kwa yale aliyoelezwa katika mazungumzo na yale ayasomayo katika mafaili. Mtumiaji ahamiapo kwa msaidizi mwingine, aghalabu mazungumzo hayo hubaki nyuma.

Hasara yake si ndogo. Tuchukue programu ya kuhesabu nomino za Kiswahili kwa ngeli. Mtafiti ameamua kwamba kiboko mnyama ahesabiwe pamoja na mtu, kwa kuwa husemwa "kiboko amelala". Kiboko cha kuchapia kibaki pamoja na kitu, kwani hicho "kimevunjika". Programu yaonyesha uamuzi, haionyeshi sababu. Msaidizi mgeni aweza kuudhania kosa, akausawazisha kwa kufuata kiambishi ki- peke yake. Programu itaendelea kufanya kazi bila kulalamika, na majedwali yote yatapotoka.

Kwa hiyo sababu ziandikwe katika faili la maandishi ndani ya kazi yenyewe. Claude Code husoma CLAUDE.md, Codex husoma AGENTS.md; afadhali maelezo yakae katika moja, na la pili lielekeze huko. Yaandikwe maamuzi pamoja na mifano kama huo wa kiboko, njia zilizojaribiwa zikaachwa, na hatua inayofuata. Kunakili mazungumzo yote, kama wafanyavyo baadhi ya watu, hakufai: humo rai iliyokwisha kukataliwa huweza kusomwa sawa na ile iliyokubaliwa.